Kipande cha Tisa cha Ukuta

Fundi wa meno ya bandia hajui vinywa vya watu, anajua meno tu. Wagonjwa wanakaa mbele kwa daktari, kwenye kiti kinachopanda na kushuka. Yeye yuko chumba cha nyuma, mlango umefungwa, na dirisha linatazama ukuta wa jirani. Kinachomfikia ni umbo la kinywa lililofinyangwa kwa jasi, ndani ya kisanduku, pamoja na karatasi ya kumweleza rangi ya jino linalotakiwa. Anapasha nta, anapanga jino baada ya jino, anasugua ufizi wa plastiki mpaka ung'ae, kisha kisanduku kinarudi mbele. Mahali fulani mjini kuna mtu anatabasamu kwa kazi ya mikono yake, na wakipishana sokoni hawatajuana.

Pale kliniki walimwita Fundi Meno, na sisi tumwite hivyohivyo. Alikuwa mtu wa makamo, mrefu, mabega yameinama kwa miaka ya kuinamia meza, na mpole kiasi kwamba akikanyagwa mguu ndiye anayeomba radhi. Watu wa namna hiyo husifiwa sana na kutembelewa mara chache. Hakuwahi kuoa. Si kwamba alikataa, ila kila mara alikuwa anatafuta la kusema, na hadi alipolipata mwenyewe wa kuambiwa alikuwa keshaondoka.

Alichokuwa nacho ni dada. Dada alikuwa mkubwa kwake, aliyefiwa na mume akiwa bado kijana, akaja na mtoto mgongoni kukaa kwa mdogo wake "kwa muda kidogo". Muda huo kidogo ulikwenda mpaka mtoto akaota ndevu, akaoa na kuhamia mji mwingine. Kutwa nyumba ilijaa sauti ya Dada: anagombana na redio, anagombana na bomba linalovuja, anamgombeza mdogo wake kwa kuvaa shati lilelile. Ndipo yule kijana akapata mtoto, na mkewe kazi yake ni ya safari, akapiga simu. "Mama, njoo ukae nasi. Nimekwama."

Dada alisema hawezi. "Nikiondoka utabaki na nani wewe? Utazungumza na meno?"

Hapo Fundi Meno alitoa karatasi mfukoni. Alikuwa ameibandua kwenye ubao wa matangazo wa maktaba, moyo ukimdunda kama mwizi wa kuku. Tangazo lilisema wanatafutwa watu wa kujenga, kwa vile vitofali vya plastiki vya watoto vinavyobanana kimoja juu ya kingine, mfano mkubwa wa mpaka wa kaskazini wa dola ya Warumi wa kale: ukuta, ngome, minara na handaki, kutoka mwisho mmoja wa ukumbi wa maktaba hadi mwingine. Uzoefu si lazima.

"Ni watu wazima hawa?" Dada akauliza.

"Watu wazima."

"Wanacheza na plastiki?"

"Tunajenga, Dada. Tunajenga pamoja, watu wengi. Nimeshajiandikisha."

Dada akaitazama karatasi, akamtazama yeye, akaitazama tena karatasi. "Duniani kuna mambo," alisema. "Haya. Angalau utakuwa na wenzio." Haikupita wiki akafunga mizigo.

Sasa, huko kujenga pamoja kwenyewe kulikuwa hivi. Wajenzi walikutana ukumbini mara moja. Mwenyekiti, mpima ardhi mstaafu mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya bonde, aliwakumbusha kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, akagawa maboksi ya vitofali na ramani. Kila mtu alipewa kipande chake, na kila kipande kilikuwa na namba. Kisha akasema, "Nendeni mkajenge majumbani. Tutaonana siku ya kuunganisha." Watu wakakumbatia maboksi yao, wakatawanyika kila mmoja na njia yake. Fundi Meno alikuwa ameandaa maneno mazuri ya kuwaambia majirani zake wa kushoto na kulia. Alirudi nayo nyumbani.

Kulikuwa na kikundi cha simu, lakini humo watu waliitana kwa namba. "Nane, mlima wako una kimo gani?" "Kumi, daraja limefika wapi?" Yeye alikuwa Tisa: ngome ndogo yenye lango, na kambi ya askari, na ukuta unaoteremka kutoka kwenye mlima wa Nane kwenda kwenye daraja la Kumi. Ilijulikana kwamba Nane ni mwokaji mikate, maana picha za mlima wake zilikuwa na unga. Kumi alikuwa muuguzi aliyeandika akiwa zamu, maneno mawili matatu, halafu kimya. Hayo ndiyo aliyoyajua juu yao, na hawakujua hata hayo juu yake.

Jumapili ya kwanza Dada alipiga simu. "Uko na nani hapo?"

Fundi Meno alitazama meza, boksi, na kiti cha Dada kilichosukumwa ukutani. "Wamekuja wenzangu," akasema. Wallahi hakukusudia. Maneno yalimtoka kama chafya. "Yupo mwokaji, yupo na muuguzi. Tunajenga."

"Umewapa chai?"

"Wamekunywa. Mwokaji anakunywa bila sukari."

"Mwokaji mikate, bila sukari! Basi huyo anajua anachotutilia humo." Dada akacheka, kicheko chake kile cha kupiga paja, na Fundi Meno alisikia raha ambayo hakuwa ameisikia tangu basi lilipoondoka naye. Jumapili iliyofuata wageni wakarudi.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hii ya Fundi Meno ilikwenda Jumapili baada ya Jumapili, ikapata na kona na vivuli vya kupumzikia. Mwokaji akapata mke mkali asiyempa nafasi ya kuongea, ndiyo maana anapenda kutoka. Muuguzi akasahau mwavuli wake nyuma ya mlango. "Ameufuata mwavuli wake?" Dada aliuliza wiki iliyofuata, na ikabidi muuguzi aufuate. Mtu ambaye maishani mwake hakuwahi kutia chumvi hata kwenye mchuzi wa maneno aligundua kwamba mkono wake si mbaya.

Simu ikikatika, alirudi mezani. Na hapa sitaki mtu amcheke, kwa sababu kazi aliifanya. Alikwenda maktaba kusoma juu ya ule mpaka, akakuta kwamba askari wengi waliolinda ukuta hawakuwa watu wa pale. Walitolewa nchi za mbali, wengine nchi za jua kali, wakapelekwa kwenye mvua na ukungu kulinda majani. Jambo hilo lilimwingia. Hakuweka askari wake juu ya ukuta wakiwa na mikuki kama wengine walivyofanya. Aliweka mmoja tu pale juu. Waliobaki aliwajengea chumba katika kambi, paa la kubandua, ndani meza na mabenchi, na juu ya meza vikombe vidogo kuliko punje ya mchele. Kila Jumapili, baada ya kumuaga Dada, aliongeza mtu mmoja mezani. Mmoja alikuwa na aproni nyeupe.

Kisha Dada akasema, "Siku ya ufunguzi nakuja."

"Mbali, Dada. Utachoka."

"Nimeshakata tiketi. Nataka niwaone hao wenzio kwa macho yangu. Nikiwaona roho itatulia. Nisipowaona, narudi nyumbani, na mwanangu atafute yaya." Alisema kama anatania, lakini Fundi Meno alimjua. Dada hatanii kuhusu kurudi.

Na hapo kuna jambo la aibu ambalo hakumwambia mtu. Aliposikia "narudi nyumbani", moyo wake uliruka kwa furaha. Aliona kiti kikivutwa kutoka ukutani, akaisikia redio ikigombezwa. Akaukemea moyo wake palepale. Kule kulikuwa na mtoto mchanga, na mpwa aliyekwama, na Dada ambaye siku hizi kwenye simu sauti yake ilikuwa nyepesi. Hakutaka Dada arudi kwa kumwonea huruma. Basi ilikuwa lazima Dada awaone hao wenzake ukumbini, na kipande chake kikae katikati yao.

Asubuhi ya ufunguzi ndiyo ilikuwa siku ya kuunganisha. Meza zilipangwa mstari mmoja mrefu, wajenzi wakaleta vipande wamevikumbatia kama vitoto vya kwenda kliniki. Cha kwanza kikashikana na cha pili, cha pili na cha tatu. Mlima wa Nane ukawekwa. Daraja la Kumi likawekwa, pakaachwa pengo katikati. Fundi Meno akashusha ngome yake pengoni, na ukumbi mzima ukaona.

Upande uliotakiwa kuwa juu, ushikane na mlima, ulikuwa chini. Upande uliotakiwa kushuka darajani ulikuwa juu. Ukuta ulifika mlimani ukagota magotini.

Niseme ilivyotokea, kwa sababu ni kosa la mtu wa kazi yake. Katika meno, kushoto si kushoto kwako wewe unayetazama. Ni kushoto kwa mwenye kinywa. Jino la kushoto la mgonjwa liko mkono wako wa kulia anapokukodolea macho kitini, na fundi akilisahau hilo siku moja, mtu ataletewa jino la upande ambao halikung'oka. Fundi Meno hakuwahi kulisahau. Ramani iliposema kushoto juu, kulia chini, mikono yake ilijibu kwa mazoea: kushoto kwa nani? Kwa mwenye ukuta. Akajenga kana kwamba ngome imekaa kitini, imepanua kinywa, inamtazama.

"Tisa!" Mwenyekiti alinguruma. "Umejenga kinyume!"

Wakajaribu kuigeuza. Ilipogeuzwa, kimo kilishikana na mlima bila hata wembe kupita, na kule darajani vivyo hivyo. Ila sasa kambi ilikuwa imeangukia upande wa nyuma, ng'ambo ya ukuta, na upande wa mbele, wanakopita watazamaji, palikuwa na handaki na ukuta mtupu.

"Askari wako wamehamia kwa maadui," mtu mmoja alisema, na watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, lakini Fundi Meno masikio yalimwaka.

"Itoeni," alisema Mwenyekiti. "Nina kipande cha akiba, mteremko wa majani. Hii tutaiweka kando, pale mlangoni kwenye meza ya miavuli."

"Dada yangu anakuja," Fundi Meno alisema.

Alisema kwa nguvu kuliko alivyokusudia. Watu wakageuka. Wengi wao ndio kwanza walikuwa wanaisikia sauti yake. Alitaka kuendelea, kueleza, lakini maneno yalimkauka, akabaki ameishika ngome kwa mikono miwili asije mtu akaichukua.

Nane, yule mwokaji, mtu mnene mwenye mikono ya polepole, aliinama akapitisha kidole pale mlima ulipoungana na ukuta. "Mwenyekiti, mimi mlima wangu umeshampokea. Ikae ilivyogeuka."

"Na kwenye mpaka mrefu kama ule," akadakia muuguzi, "hakukosea fundi hata mmoja?"

Mwenyekiti akapumua kwa pua. "Wakiniuliza, simo."

Ikakaa. Fundi Meno alimfuata mwokaji kumshukuru, na zaidi ya kumshukuru alitaka kumwambia lile jambo lenyewe: kwamba dada yake anaweza kusema mambo, tafadhali asishangae. Alifika karibu naye, akafungua kinywa. Mtu akamwita mwokaji aje kushika meza inayoyumba, naye akaenda. Ndivyo ilivyokuwa kwa mtu huyu siku zote.

Mchana Dada akaingia, na mkoba wake na viatu vyake vya safari, amenenepa kidogo. Alimkumbatia mdogo wake, akamvuta kola. "Shati lilelile." Kisha akautembea ukuta wote polepole, kipande kwa kipande, akisoma namba. Alipofika kwenye Tisa alisimama.

"Mbona chako hakina watu?"

"Wako nyuma."

Dada akaizunguka meza. Alijipenyeza katikati ya meza na ukuta wa ukumbi, mkoba kifuani, akainama. Paa la kambi lilikuwa wazi. Aliwatazama wale watu wadogo waliokaa mezani na vikombe vyao, yule wa aproni nyeupe na wenziwe, kwa muda mrefu. "Hawa ndio wa Jumapili?" aliuliza.

"Ndio hao."

"Wamependeza," alisema, akatoka kule nyuma akipangusa vumbi, na kabla mdogo wake hajamshika mkono alikuwa ameshaelekea kwenye meza ya chai, alikosimama mwokaji, unga ungali kwenye mikono ya shati lake.

"Wewe ndiye mwokaji."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mimi dada yake Tisa. Nakushukuru sana kwa kumtembelea ndugu yangu. Mkeo hajambo? Bado mkali?"

Mwokaji alimtazama, kisha akatazama juu ya bega lake. Fundi Meno alikuwa amesimama pale, uso umemsawijika. Hakuweza kukonyeza wala kutikisa kichwa. Alisimama tu kama mtu anayengoja kusomewa hukumu.

"Mkali vilevile, mama," mwokaji akasema.

"Na wewe chai yako bado bila sukari."

"Bila sukari kabisa," alisema mwokaji, huku mkono wake ukiendelea kukoroga.

Dada akacheka, akapiga paja. Muuguzi alipopita na sare yake ya kazi akaulizwa kama mwavuli aliupata. Alipepesa macho mara moja tu. "Niliupata, mama, asante." Wote watatu wakaongea juu ya mvua, na Fundi Meno akasimama pembeni yao akiwa na kikombe asichokinywa. Alikuwa anawapenda watu hawa kwa moyo wote, na alikuwa hajui wanakaa wapi.

Jioni alimsindikiza Dada stendi. Walikaa kwenye benchi, mkoba katikati yao.

"Watu wema," Dada alisema.

"Ndiyo."

"Yule mwokaji alitia vijiko vitatu. Nilimwona kabla sijamfikia."

Fundi Meno aliangalia viatu vyake. Wauza tiketi walikuwa wanapiga kelele, na kila kelele aliiona inamhusu.

"Usihangaike kutafuta neno," Dada alisema. "Nilijua tangu Jumapili ile ya kwanza. Nyumba yenye wageni, saa haisikiki. Mimi kwenye simu nilikuwa naisikia saa yetu ya ukutani, tik, tik, nyuma ya sauti yako. Kila wiki."

"Kwa nini hukusema?"

"Kwa sababu ningesema ingenibidi nirudi." Aliuvuta mkoba mapajani. Alipoendelea sauti yake haikuwa ile ya kugombana na redio. "Na mimi sikutaka kurudi. Nimemuuguza mama mpaka mwisho, nikakulea wewe, nikalea wangu. Kule nalea tena, lakini kale katoto kakiniona kanacheka mwili mzima. Wewe ulinipa ruhusa ya kwenda. Nilijua ni ya uongo, nikaichukua hivyohivyo. Basi tumedanganyana wote."

Fundi Meno akamgeukia. "Nimefurahi uliichukua," alisema, na ilikuwa kweli, na ilimuuma kuliko uongo wote aliousema.

"Mficha uchi hazai, mdogo wangu. Yule mtu leo amesimama akanidanganya mimi kwa ajili yako, na mke sidhani kama anaye. Umemwambia asante?"

"Bado."

"Bado," Dada alirudia, akatikisa kichwa. Basi lilipofika alimshika shavu, kama alivyokuwa akimshika enzi za shule, akapanda. Alikaa upande wa pili, hakuonekana dirishani.

Ndani ya wiki ile Fundi Meno aliandika kwenye kikundi, "Nane, asante," na Nane akajibu, "Hamna shida, Tisa." Akaandika, "Karibu nyumbani unywe chai," akayasoma, akayafuta. Akayaandika tena, akayaacha hapo bila kuyatuma. Jumamosi alinunua sukari, yeye ambaye hatumii sukari, akaiweka mezani.

Jumapili simu ililia saa ileile.

"Leo yupo nani?" Dada akauliza.

Fundi Meno alitazama meza. Haikuwa na vitofali tena, palikuwa na kopo la sukari tu. "Hayupo mtu, Dada."

Upande wa pili kulikuwa na vyombo vinagongana, mlango, sauti ya mpwa wake, mtoto analialia. Dada aliwaambia wapunguze kelele.

"Haya," alisema. "Hebu isogeze simu ukutani, niisikie saa."

Fundi Meno alipanda juu ya kiti cha Dada, akainyoosha simu, akaishika pale karibu na saa mpaka mkono ukachoka. Kutoka pale juu alimsikia mtoto, kwa mbali, ameacha kulia, anacheka.